Mwongozo kamili wa kuujua mfumo wa fahamu kwa kujipima mwenyewe, hatua kwa hatua

Watu wengi wanaosoma mfumo wa fahamu wanaanza na ule mchoro wa mtu kasimama mikono wazi, nyuzi za njano zimemjaa mwili mzima, afu pembeni majina thelathini ya kukariri. Mi nilianza hivohivo nikafeli, nikarudia nikafeli tena, maana jina lisilo na kazi halikai kichwani, linakusubiri mpaka asubuhi ya mtihani afu linasepa. Kilichonisaidia ni kuuweka mchoro pembeni na kufuata kitu kimoja tu: ujumbe mmoja umetoka wapi, umepita wapi, umefika wapi na umerudi na nini. Ndo tutakachofanya hapa. Ujumbe wetu ni wa mwiba. Unatembea peku, mguu wa kulia umekanyaga mwiba, basi. Kuanzia hapo mpaka unapiga yowe tutakuwa tumepita karibu mfumo mzima, na kwenye kila kituo kuna kitu cha kujipima hapohapo ulipokaa.

Tafuta kalamu, karatasi, rula ya sentimita 30, klipu ya karatasi (kile kiwaya cha kubania makaratasi), simu yenye tochi na saa ya sekunde, na mtu mmoja wa kukusaidia asiye na papara. Hakuna kinachouma hapa.

Kabla hujaanza: limalize hili neno "mshipa"

Hapa ndo wengi tunapotea mapema kabisa. Kwenye mazungumzo yetu kila kitu ni mshipa. Damu inapita kwenye mshipa, shingo ikikaza ni mshipa, mtu akikasirika mishipa imemtoka, mtu akiumwa kiuno ni mshipa umebana. Sasa humo ndani kuna vitu vitatu tofauti kabisa. Mishipa ya damu ni mabomba, ina uwazi ndani. Kano ni kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa. Mishipa ya fahamu, yani neva, ni kama kebo, ndani yake zimelala nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu zinazobeba taarifa.

Jipime: geuza kiganja juu uangalie kifundo cha mkono. Vile vimistari vya kibluu au kijani ni mishipa ya damu. Kunja ngumi uvute mkono kuja kwako kidogo, zile kamba zinazotuna katikati ni kano. Neva huzioni, ila moja unaweza kuipata: nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, kuna kamfereji kati ya mifupa miwili, pakandamize taratibu na kidole ukisogeza huku na huku. Ile shoti inayokimbia mpaka kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha jirani yake ndo neva yenyewe. Na kwanini vidole hivyo tu na sio gumba? Kwasababu neva hiyo inahudumia eneo hilo, gumba lina neva zake. Kumbuka hili, huko mwisho litatusaidia.

Hatua ya 1: chora ramani ya watoto

Chora duara, chini yake mstari mnene unaoshuka. Duara ni ubongo, mstari ni ugwe mgongo. Hivyo viwili ndo mfumo wa kati. Sasa toa vimistari vingi kulia na kushoto, hiyo ni mfumo wa pembezoni. Ramani imeisha, kweli tena. Ukitaka namba, ubongo unatoa jozi 12 za neva moja kwa moja (za macho, uso, masikio, ulimi na kadhalika), na ugwe mgongo unatoa jozi 31: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya mkiani.

Uti wa mgongo ni mifupa, ugwe mgongo ni ile kamba laini iliyomo ndani ya mifupa hiyo. Tunavichanganya kila siku. Ugwe ni mnene kama kidole tu, una urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima, na wala haufiki mwisho wa mgongo, unaishia juu ya kiuno, kuanzia hapo kunashuka fungu la neva kama mkia wa farasi. Ndo maana daktari akitaka kuchukua maji ya mgongo anachoma sindano chini kabisa, kule ambako kamba imeshaisha na zimebaki neva zinazoelea tu.

Maji yenyewe yanazunguka ubongo na ugwe, kama mililita 150 kwa wakati mmoja, ila mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku, kwahiyo yanabadilishwa mara kadhaa. Yako ndani ya tabaka tatu za utando, na ukisikia homa ya uti wa mgongo, hizo tando ndo zimeshambuliwa, sio mifupa, jina linadanganya kidogo.

Hatua ya 2: pima walinzi wa ngozi

Mwiba umegusa unyayo. Ngozi ina ncha za neva za aina mbalimbali, nyingine zinasikia mguso mwepesi, nyingine mgandamizo, nyingine mtikisiko, joto, baridi, na nyingine kazi yake ni kitu kinachoharibu mwili tu, kama mwiba. Hazijasambazwa kwa usawa, na hili usikubali kuambiwa, lipime.

Nyoosha klipu uikunje iwe na ncha mbili kama herufi U. Fumba macho, msaidizi akuguse taratibu ncha mbili kwa pamoja, wakati mwingine moja ili usibahatishe, we unasema ni moja au mbili. Aanze na ncha zikiwa mbali afu asogeze karibu. Kwenye ncha ya kidole cha shahada utatofautisha hata zikiwa zimeachana milimita 2 mpaka 4. Hamia mgongoni, hapo mambo yanageuka, ncha zinaweza kuachana kama sentimita 4 na bado unaapa kwamba ni moja. Nilivyofanya mara ya kwanza nikadhani msaidizi wangu ananitania.

Sababu ni kwamba kidoleni walinzi wamejazana na kila mmoja ana kieneo kidogo cha kuangalia, mgongoni mmoja analinda eneo kubwa. Na huko juu kwenye ubongo pia kidole kimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo, tutafika.

Hatua ya 3: elewa waya wenyewe

Hapa usiharakishe. Ukiielewa hatua hii, nyingine zote zinakuja zenyewe.

Seli ya neva, au nyuroni, ina sehemu tatu za kujali. Matawi mafupi ya kupokea yanaitwa dendraiti, kiwiliwili chenye kiini kiko katikati, afu kuna mkia mrefu wa kutuma unaoitwa aksoni. Mrefu kweli, sio mchezo. Ile nyuzi inayobeba mguso kutoka kidole cha mguu inapanda bila kukatika mpaka chini ya ubongo, ni seli moja yenye urefu unaozidi mita, wakati unene wake huwezi kuuona kwa macho. Kiwiliwili chake kinakaa pembeni ya ugwe mgongo, matawi mawili yamenyooka, moja mguuni, moja juu.

Ujumbe wenyewe ni umeme, ila sio umeme wa kwenye nyaya za nyumbani. Kwenye waya wa shaba elektroni ndo zinasogea. Kwenye neva ni chumvi. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna chaji hasi ya kama milivolti 70 ukilinganisha na nje, maana kuna pampu kwenye ukuta wake ambazo hazilali, kila mzunguko zinatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 (zote ni chembe za chumvi zenye chaji chanya). Kwahiyo nje kumejaa sodiamu inayotamani kuingia. Mwiba unavyochoma, vimilango vichache vya sodiamu vinafunguka, ndani kunaanza kupoteza ule uhasi, na ikifika kama hasi 55 basi hakuna kurudi nyuma: milango ya jirani yote inafunguka, sodiamu inamiminika, ndani kunageuka kuwa chanya, milango ya mbele yake nayo inafunguka, ya mbele yake tena, kama watu wanaopokezana ndoo. Nyuma yake potasiamu inatoka na kurudisha hali ilivyokuwa. Tukio zima kwenye sehemu moja linachukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi.

Kuna vitu viwili vya kushika hapo. Cha kwanza, ni yote au hakuna. Neva haitumi ujumbe mdogo au mkubwa, mwiba mkubwa unafanya ujumbe uleule utumwe mara nyingi zaidi kwa sekunde na kwenye nyuzi nyingi zaidi. Cha pili, dawa ya ganzi anayokuchoma daktari wa meno inaziba vile vimilango vya sodiamu. Jino bado linang'olewa na ncha za neva zinaguswa, ila ujumbe hauondoki.

Haya yote yalijulikana kwa msaada wa ngisi. Ngisi ana aksoni nene kuliko kawaida, ya milimita nusu mpaka moja, inaingia waya ndani. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliipima, wakachapisha hesabu zake mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapata Nobel.

Sasa spidi. Nyuzi nyingine zimefungwa mafuta yanayoitwa mielini, kama plastiki ya waya, yenye mapengo kila baada ya kipande, na ujumbe unaruka kutoka pengo moja kwenda lingine. Zilizofungwa vizuri na ni nene zinafika mita 120 kwa sekunde. Zisizofungwa kabisa zinajikokota mita moja hivi kwa sekunde, yani mtu anayetembea anazipita.

Na hii umeshaipima maishani bila kujua. Siku ulipogonga kidole cha mguu kwenye kitu, kwanza ulijua umegonga, afu likaja lile limaumivu kali la ghafla, ukapata na muda wa kujisemea "uuh, sasa linakuja lenyewe", ndo likaja lile la kuunguza taratibu lisiloisha. Mguso ulipanda nyuzi za haraka, maumivu makali nyuzi nyembamba zenye mielini kidogo, na lile la mwisho limepanda zile za kujikokota. Tukio moja, barua tatu, zimefika kwa zamu. Mwiba nao ni hivohivo.

Hatua ya 4: pale waya unapokatika kwa makusudi

Nyuroni moja haijaungana na nyingine. Kati yao kuna pengo, dogo sana, kama nanomita 20 hivi, linaitwa sinapsi. Umeme ukifika mwisho hauruki, unafanya vifuko vya kemikali vimwage mzigo kwenye pengo, kemikali inavuka, inakaa kwenye pokezi za upande wa pili kama ufunguo kwenye kitasa, na upande huo ndo unaamua kama utawaka au la.

Zamani watu walibishana sana kama ni umeme au kemikali. Mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura inayodunda ndani ya maji, akasisimua neva ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo, akachukua yale maji akaupa moyo wa pili ambao neva yake haijaguswa, nao ukapunguza mwendo. Kwahiyo kuna kitu kimemwagwa majini. Wazo lilimjia usingizini, kwa maelezo yake mwenyewe aliamka akaandika afu asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake, usiku uliofuata likarudi akaamua kukimbia maabara hapohapo. Kitu hicho ni asetilikolini, ndo hiyohiyo inayoamrisha misuli yako.

Majina mengine umeyasikia: glutamati inawasha, gaba inazima, dopamini, serotonini, noradrenalini. Ushauri wangu, ukiona mtu anakwambia dopamini ni kemikali ya furaha basi, mpite. Dopamini hiyohiyo ikipungua sehemu fulani ya ubongo mtu anapata Parkinson, anatetemeka na kukakamaa. Kazi ya kemikali inategemea imemwagwa wapi na imepokelewa na nini.

Hatua ya 5: ugwe mgongo unaamua bila kukuuliza

Ujumbe wa mwiba umefika kwenye ugwe, umeingilia upande wa mgongoni (taarifa zinaingilia nyuma, amri zinatokea mbele, siku zote). Hapohapo, kabla ubongo haujajua lolote, ugwe unarusha amri, misuli ya kukunja mguu ivute, misuli ya kunyoosha ilegee, na mguu wa pili ukaze ili usianguke. Hiyo ya mguu wa pili watu wengi hawaijui, ila fikiria ingekuwaje kama mguu mmoja unanyanyuka na mwingine hauna habari. Hii ndo refleksi. Unakuta umeshanyanyua mguu ndo unasikia maumivu.

Jipime na refleksi rahisi kuliko zote, ya goti. Kaa juu ya meza miguu ining'inie. Papasa chini ya kifuniko cha goti, utakuta kano pana, laini kidogo. Msaidizi apige hapo kwa ukingo wa kiganja, pigo jepesi la haraka, sio la kukomoa. Mguu unaruka mbele. Kano imevutwa, msuli wa paja umehisi umenyooshwa ghafla, taarifa imepanda ugwe eneo la kiuno, imevuka sinapsi moja tu, ikarudi na amri ya kukaza. Ikigoma, kunja vidole vya mikono miwili vishikane kama ndoano afu vuta kwa nguvu kila mkono upande wake, hapo msaidizi apige tena. Mara nyingi utaruka zaidi ya mwanzo. Na usipopata kitu usianze kuogopa, watu wengine wazima wa afya refleksi zao ni hafifu, na mara nyingi kinachokosewa ni mahali pa kupiga.

Hatua ya 6: panda mpaka ubongoni

Ujumbe wa maumivu umevuka upande wa pili wa ugwe na kupanda. Mguu ni wa kulia, taarifa inaishia ubongo wa kushoto. Amri za kusogeza nazo zinavuka, ila zenyewe zinavukia juu zaidi, kwenye shina la ubongo. Ndo maana mtu akipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo anapooza kulia.

Ubongo una uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi, ni asilimia 2 tu ya mwili, ila unakula kama asilimia 20 ya nguvu zako hata ukiwa umekaa tu. Hesabu nzuri ya nyuroni zake ilifanywa na timu ya Suzana Herculano-Houzel kule Brazil, mwaka 2009 wakapata bilioni 86 hivi. Cha kushangaza, karibu bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye ubongo mdogo, kile kifurushi cha kisogoni chini ambacho kina sehemu moja ya kumi tu ya uzito wote.

Tuanzie chini. Shina la ubongo linaendesha pumzi, mapigo ya moyo, kumeza, kuamka. Hapo hapachezewi. Hapa pia pana refleksi ya macho ambayo naipenda kuliko zote: shika simu yenye maandishi, tulia nayo, afu tikisa kichwa kulia na kushoto haraka huku unasoma. Unasoma vizuri tu. Sasa kichwa kitulie, itikise simu kwa spidi ileile. Maandishi yamekuwa uji. Kichwa kikitikisika, vifaa vya mizani ndani ya sikio vinaliambia shina la ubongo, nalo linazungusha macho kinyume hapohapo. Simu ikitikisika peke yake hakuna aliyelitaarifu, macho yanabaki kufukuzia.

Ubongo mdogo unarekebisha miondoko. Fumba macho, nyoosha mkono, afu lete kidole cha shahada puani. Ulijuaje pua iko wapi? Misuli na viungo vinatuma taarifa za mkao wako muda wote, ubongo mdogo unalinganisha ulichokusudia na kinachofanyika. Pombe inavuruga sana hapa, ndo yale mwendo wa kuyumba na ulimi mzito. Kujitekenya mwenyewe kunashindikana pia kwa sababu hizo, mguso umeshatabiriwa kabla haujafika.

Katikati kabisa kuna thalamasi, kituo cha kupangia barua. Karibu kila hisia inapita hapo isipokuwa harufu, ambayo ina njia yake ya mkato. Chini yake haipothalamasi, ndogo, inasimamia njaa, kiu, joto la mwili na homoni.

Kutoka thalamasi mwiba wetu unapelekwa kwenye gamba la juu, kwenye ukanda unaopita utosini kama mkanda wa spika za kichwani. Kwenye ukanda huo mwili umechorwa, miguu katikati juu, mikono pembeni, uso chini zaidi. Wilder Penfield aliuchora kwa kugusa ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, na mchoro ukatoka na midomo mikubwa, vidole vikubwa, mgongo kidogo tu. Unaikumbuka klipu? Ni habari ileile. Mbele ya ukanda huo kuna mwingine wa amri. Kisogoni ni kuona, juu ya sikio ni kusikia, nyuma ya paji la uso ni kupanga na kujizuia. Kusema kuko kushoto mbele kwa watu wengi, Paul Broca alilionyesha hilo 1861 kwa mgonjwa aliyebaki na silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa akisemeshwa.

Kumbukumbu ina mkasa wake. Mwaka 1953 kijana mmoja Marekani, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa kifafa, wakaondoa hipokampasi, kipande kidogo kilicho ndani ya ubongo, pande zote mbili. Kifafa kikapungua, ila tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya ya tukio lolote, unaongea naye unatoka unarudi anakusalimia upya. Lakini alivyofundishwa kuchora akiangalia kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku huku mwenyewe akiapa hajawahi kufanya kitu hicho. Ndo ikajulikana kwamba kukumbuka tukio na kukumbuka ujuzi ni vitu viwili, vina sehemu mbili. We utakumbuka ulipokanyaga mwiba, hiyo ni hipokampasi. Kutembea kwenyewe hakukuhitaji.

Kipimo cha mwisho cha ubongo, ujue jinsi unavyokudanganya. Chora X, kulia kwake sentimita 8 weka doa jeusi, afu pitisha mstari kwenye doa. Funika jicho la kushoto, la kulia likazie X, karatasi iwe umbali wa mkono ulionyooka, isogeze taratibu kuja kwako. Kwenye kama sentimita 30 doa linapotea. Hapo ndo neva ya jicho inapotokea nje, hakuna vipokezi vya mwanga. Ila angalia mstari: haujakatika! Ubongo umeujazia wenyewe bila kukuambia.

Hatua ya 7: pande mbili zisizokusikiliza

Umekanyaga mwiba, moyo umeenda mbio, jasho, mboni zimetanuka. Huo ni upande wa kukurupuka wa mfumo unaojiendesha. Upande wa pili ni wa kutulia, na neva yake kubwa ni vagasi, inatoka kwenye shina la ubongo inashuka shingoni, moyoni, mapafuni mpaka tumboni. Utumbo wenyewe una mamilioni ya nyuroni kwenye kuta zake na unaweza kusukuma chakula hata bila amri ya juu.

Kuuona huu wa kutulia ukifanya kazi, weka vidole viwili kwenye mapigo ya kifundo cha mkono upande wa gumba. Vuta pumzi kwa sekunde 5, itoe kwa sekunde 5, rudia mara kadhaa. Ukivuta mapigo yanasogeleana, ukitoa yanaachana. Ni vagasi inalegeza na kukaza breki. Kwa vijana inaonekana wazi zaidi.

Afu nenda kwenye mwanga hafifu, weka kiganja wima juu ya pua kama ukuta kati ya macho, msaidizi amulike jicho moja kwa tochi ya simu kwa sekunde moja tu kutokea pembeni. Mboni ya jicho hilo inasinyaa. Aangalie na lile lisilomulikwa: limesinyaa pia.

Hatua ya 8: pima safari nzima kwa rula

Msaidizi ashike rula juu ining'inie, sifuri iwe chini kati ya gumba lako na shahada bila kugusa. Anaiachia bila kusema, unaidaka. Ukiidaka kwenye sentimita 10, umetumia sekunde 0.14, 15 ni kama 0.17, 20 ni 0.20, 25 ni 0.23, na ikifika 30 ni 0.25. Fanya mara kumi, tupa mbili za mwanzo. Sasa fumba macho, aseme "sasa" anapoachia. Wengi wanadaka mapema zaidi kwa sikio kuliko kwa jicho, maana jicho linatumia muda mwingi kugeuza mwanga kuwa umeme. Rudia ukiwa na usingizi uone tofauti, mi mwenyewe rula ilinipita kabisa.

Hatua ya 9: tumia ramani kukisia tatizo liko wapi

Hapa ndo lile la kiwiko linarudi. Ukipata ganzi kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake, kisia neva ya kiwiko. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati, hasa usiku, inaelekea zaidi kwenye neva inayobanwa kifundoni. Ganzi ya miguu yote miwili kama umevaa soksi inafikirisha neva ndefu zimechoka, kisukari ni sababu kubwa. Mguu ukifa ganzi kwasababu umeukalia, sio kwamba damu imesimama mguu mzima, ni neva imebanwa pamoja na vimishipa vinavyoilisha, ukiachia inaanza kurusha ujumbe ovyo ndo zile sindano. Nusu nzima ya mwili, uso na mkono na mguu upande mmoja, huo ni ubongo mpaka ithibitishwe vingine. Kuanzia kiunoni kushuka chini pande zote, pamoja na kushindwa kuzuia haja, fikiria ugwe mgongo au lile fungu la mkia wa farasi, na hiyo ni dharura ya leo sio ya kesho.

Kukisia sio kutibu, usimpe mtu dawa kwa ramani hii. Ila kwa kiharusi usisubiri kukisia: mwambie atabasamu uone kama upande mmoja wa mdomo umeshuka, anyanyue mikono yote uone kama mmoja unaporomoka, arudie sentensi fupi uone kama maneno yanajikwaa. Ukiona moja tu kati ya hayo limetokea ghafla, hospitali hapohapo, usimlaze apumzike kwanza, usimpe chakula wala maji. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu hivi tangu dalili zianze, kwahiyo angalia saa uandike, na kama amekutwa hivyo ameamka, andika mara ya mwisho alipoonekana mzima, maana hilo ndo swali la kwanza utakaloulizwa mlangoni.